Kituo cha Nne Hakijajibu

Gorna Luka
Jumanne, 2 Machi 1999

Dada Kremena,

Natumaini wewe na shemeji hamjambo. Mimi ni mzima. Barua hii nimempa Gancho, dereva wa basi la asubuhi la Plovdiv, maana simu ya ofisini iko mezani kwa Mhandisi Haralampiev, na ninachotaka kukuuliza kinamhusu yeye. Samahani, kinakuhusu na wewe.

Ijumaa iliyopita ubao wa vipimo hapa ofisini ulisimama. Ubao huo unaujua kuliko mtu yeyote, kwa sababu programu inayouendesha uliiandika wewe. Vituo kumi na viwili vya kupima maji ya mto Rakitna, kuanzia huku milimani hadi kwa mama kule Dolen Brod, na kila robo saa namba mpya kumi na mbili, kimo cha maji kwa sentimita. Mimi nazinakili kwenye karatasi ya zamu na kutia sahihi, mhandisi anapiga mhuri. Kituo kikipita kipimo cha hatari, yeye huinua simu kuwaambia wanakijiji watoke. Hiyo ndiyo kazi yangu yote.

Ijumaa namba hazikubadilika kwa dakika hamsini. Mwanzoni nilifurahi, nikadhani mto umetulia. Kisha nikaona ile alama ndogo ya kijani, inayoonyesha programu inazungumza na kituo gani, imeganda kwenye kituo cha nne. Baada ya dakika hamsini ikaruka hadi cha tano, na mambo yakaendelea kama kawaida. Nilifanya kama kanuni zinavyotaka.

Niambie ukweli, dada. Kituo kimoja kikinyamaza, vyote vinanyamaza? Au ni mimi niliyebonyeza kitu?

Theluji huku bado inafika madirishani, na redio inasema upepo wa kusini unakuja kabla ya mwezi kwisha. Mama amenitumia nyuzi za Machi, zile nyekundu na nyeupe za kuombeana afya, mmoja wangu na mmoja wa mzee Zapryan wa kituo cha nne. Anasema mzee yule hana mtu wa kumfunga uzi mkononi. Bado sijampelekea.

Mdogo wako,
Velin


Plovdiv
Jumatano, 3 Machi

Velin,

Hujabonyeza kitu. Acha kujilaumu kwanza, halafu soma taratibu.

Programu ikitaka kuzungumza na kituo hufungua njia ya mawasiliano. Sisi tunaiita soketi. Inauliza, "Maji yako yamefika wapi?" Baada ya hapo kuna namna mbili. Ya kwanza, inabaki papo hapo kusubiri jibu, na mpaka jibu lije haifanyi jambo lingine lolote. Ya pili, inaviuliza vituo vyote kumi na viwili kwa mpigo na kuendelea na shughuli zake. Kinachojibu mapema kinaandikwa mapema, na kisichojibu nafasi yake inabaki wazi.

Mimi niliandika ile ya pili. Haralampiev akaikataa. "Binti, hapa jibu la tisa limekuja kabla ya la pili. Hiki ni kitabu cha serikali au soko la Jumamosi?" Alitaka cha kwanza mpaka cha kumi na mbili, kwa mpangilio, kama walivyofanya zamani kwa simu. Unakumbuka baba alivyotusimulia? Karani alimpigia Zapryan, Zapryan akaweka mkono wa simu mezani, akavaa buti, akashuka mtoni na fimbo yake ya kupimia, akarudi. Dakika ishirini, na karani ameshikilia simu sikioni. Kumkatia mtu aliyeko mtoni ilikuwa aibu kubwa. Basi nikamwandikia programu yenye adabu za wazee.

Ubaya wake ni kwamba soketi haijui tofauti kati ya mtu anayetafuta buti zake na mtu aliyekufa. Kwake vyote ni kimya.

Nitakuandalia diski yenye ile namna ya pili. Usiiweke kabla mhandisi hajakupa ruhusa kwa maandishi, watakufukuza kazi. Na hujaniambia jambo moja: zile dakika hamsini, kwenye karatasi uliandika nini?

Kremena


Gorna Luka
Ijumaa, 5 Machi

Dada yangu,

Fumbo la kituo cha nne limeshafumbuliwa. Mzee Zapryan anaishi bado kwenye kile kibanda cha kituo, ingawa kazi yake ilikwisha zilipokuja mashine. Kibanda kina tundu moja la umeme. Alichomoa plagi ya mashine yetu akachomeka jiko lake, akapika supu ya utumbo. Dakika hamsini! Fundi aliyepanda huko juu anasema alikaribishwa bakuli, na ilikuwa tamu.

Ofisi nzima ilicheka. Mhandisi alicheka hadi akavua miwani. "Zapryan anapika!" anasema sasa kila ubao ukichelewa hata dakika mbili. "Subirini, bado hajatia siki!"

Wakati huo amefurahi ndipo nilipomwomba ruhusa ya diski yako. Alinitazama kama nimemtukana.

"Dada yako ana haraka ya mjini," alisema. "Mashine inasubiri kama mtu aliyelelewa vizuri. Wewe una tatizo gani na kusubiri?"

"Hakuna, Bwana Mhandisi. Ila vile vingine kumi na moja..."

"Vile vingine vina miguu? Vinakwenda wapi?"

Nilirudi kukaa.

Umeniuliza niliandika nini. Nimeichana barua hii mara mbili kwa sababu ya swali hilo. Kanuni inasema kisanduku kisibaki kitupu. Kwa kituo cha kumi na mbili, cha kwa mama, namba ya mwisho ilikuwa 131. Nikaandika 131. Robo saa ikapita, nikaandika 131, na tena 131. Karatasi nzima hivyo hivyo, vituo vyote. Nikatia sahihi, mhuri ukapigwa. Hakuna maji yaliyopimwa, dada. Nilitunga. Ningemwambia mhandisi, angeniuliza kwa nini sikusema tangu dakika ya kwanza, na jibu sina, zaidi ya kwamba niliogopa kuuliza.

Kuanzia hapo silali vizuri. Kutoka kituo cha nne maji huchukua saa moja na nusu kufika Dolen Brod. Nimepiga hesabu hiyo mara nyingi mno. Nitumie diski.

Velin


Plovdiv
Jumatatu, 8 Machi

Velin,

Nimesoma. Sitakugombeza, mwenyewe umeshajigombeza vya kutosha. Usirudie tu. Kisanduku kitupu ni ukweli, hata mhuri ukikikataa.

Nimempigia mama kumtakia heri ya sikukuu ya wanawake. Anasema maua yako yamefika yamevunjika shingo na ameyaweka kwenye glasi ya pombe ya rakia kwa kuwa ni fupi. Nilimwambia apande mlimani kwa shangazi mpaka theluji iishe. Unajua jibu lake. "Nimeishi na mto huu miaka sitini na mbili, tunajuana. Na kuku nimwachie nani, wewe mhandisi wa Plovdiv?"

Diski anayo Gancho kesho. Simama kituo cha basi saa kumi na moja jioni.

Kremena


Gorna Luka
Alhamisi, 11 Machi

Dada,

Diski sijaipata, na kosa ni langu.

Jumanne mhandisi alinibakiza nipange upya karatasi za Februari. Zile zenye 131. Nilizipanga moja moja, na basi likafika, likaondoka. Jana nilikimbia kumsubiri Gancho alipofika tena.

"Diski yangu iko wapi, mzee?"

"Imerudi Plovdiv."

"Kwa nini hukuiacha kwa mwenye kibanda cha tiketi?"

"Mimi si posta, kijana. Kwangu ni mkono kwa mkono. Mtu hayupo, mzigo unarudi ulikotoka. Miaka ishirini na sita sijapoteza kitu, hata jogoo."

Nilimwomba ailete leo, anasema mtu wako aliichukua kituoni Plovdiv. Kwa hiyo iko kwako. Tafadhali, safari hii itume kwa posta. Gancho anahitaji watu wawili wasimame saa ileile mahali pawili, na mimi saa zangu si zangu. Posta barua inaweza kukaa ikinisubiri.

Upepo wa kusini umeanza. Mapaa yanadondosha maji mchana kutwa. Kituo cha kwanza leo asubuhi kilikuwa 88, jioni 140. Ubao ulisimama mara mbili, dakika sita na dakika kumi na moja, kwenye cha nne. Mhandisi akasema anakaanga vitunguu.

Safari hii sikunakili. Niliacha vitupu. Mhandisi aliponirudishia karatasi nijaze, nikajaza. Nisamehe.

Velin


Plovdiv
Ijumaa, 12 Machi

Velin,

Diski imo humu. Nimekwenda nayo mwenyewe posta kuu. Wanasema siku tatu hadi tano.

Kuna jambo nimelificha, nami naogopa likikufikia nimechelewa. Nilikwambia Haralampiev ndiye aliyetaka programu isubiri bila mwisho. Si kweli. Yeye alitaka mpangilio tu. Mwanzo niliweka kikomo: kituo kisipojibu ndani ya sekunde ishirini, pita, nenda kingine. Mpangilio ungekuwepo, na ubao usingeganda. Ila vituo vya milimani ni vizito kujibu, kila siku vikawa vinarukwa, naye kila siku ananipigia. "Binti, leo tena la nne halipo." Nilikuwa nimeshapata kazi huku, masanduku yapo mlangoni, harusi wiki mbili mbele. Kumweleza kungechukua mchana mzima. Nikafuta mstari mmoja, ule wa kikomo. Hakupiga simu tena. Nilijisifu moyoni kwamba nimemweza mzee.

Kwa hiyo ni mimi, Velin. Haikuwa adabu za wazee, ilikuwa uvivu wangu.

Sasa sikiliza. Nilikwambia usubiri ruhusa. Usisubiri. Weka diski siku itakapofika. Na ubao ukiganda kabla hujaiweka, fungua faili linaloitwa ORODHA, futa mstari wa kituo cha nne, washa programu upya. Dakika mbili. Vituo vingine vitasema. Usiningoje mimi, wala Haralampiev, wala Zapryan na masufuria yake.

Mtoe mama.

Kremena


Gorna Luka, ofisini
Jumanne, 16 Machi, saa tano na dakika hamsini asubuhi

Dada,

Naandika nyuma ya karatasi tupu ya zamu kwa sababu mikono lazima ifanye kitu. Posta hakuna barua yako, nimepita asubuhi.

Alama ya kijani imesimama kwenye kituo cha nne tangu saa tano na ishirini. Usiku wa kuamkia leo ilinyesha mvua juu ya theluji. Kabla haijaganda, kituo cha kwanza kilikuwa 265, cha pili 280, cha tatu 301 tangu saa tano na dakika tano. Cha nne, kimya. Cha kumi na mbili bado kinaonyesha 150, lakini hiyo ni 150 ya saa tano na dakika tano.

Mhandisi alitazama akasema, "Leo Jumanne? Maharage." Wote wakacheka. Na mimi nilicheka, dada. Nilisikia sauti yangu ikicheka.

Saa sita na dakika tano. Nimemwambia, Bwana Mhandisi, dakika arobaini na tano. Akasema maharage ni saa mbili. Amechukua koti, amekwenda kula. Wengine wamemfuata.

Saa sita na robo. Niko peke yangu. Nimewaza hivi: kama ni Zapryan anapika, nikisubiri sipotezi kitu. Kama si Zapryan, hakuna wa kujibu swali letu, na mashine itaendelea kuuliza kwa upole mpaka mto uingie humu ofisini. Kimya chake huenda ndiyo habari yenyewe, na sisi tumekaa kuingoja habari.

Saa moja na nusu kutoka cha nne hadi kwa mama. Kama ilikuwa saa tano na ishirini, zimebaki dakika thelathini na tano.

Simu iko mezani kwa mhandisi. Karani haruhusiwi kupiga simu vijijini bila kipimo na bila sahihi yake. Kipimo sina. Sahihi sina.

Nimeketi kwenye kiti chake.


Dolen Brod
Ijumaa, 19 Machi

Velin, mdogo wangu,

Mama yu hai. Naliandika hili kwanza ingawa najua umeshasikia, kwa sababu nataka ulisome kwa mwandiko wangu. Mama yu hai, yuko shuleni mlimani na kijiji kizima na kuku saba. Wa nane amepotea, na mama anamlaumu mwenyekiti wa kijiji.

Barua yako ya nyuma ya karatasi ya zamu nimepewa na mwenye nyumba wako. Wewe hukuwepo. Anasema walikuita makao makuu kuhojiwa, umeondoka na shati moja. Nitaiacha hii kwake.

Mwenyekiti Pencho ananisimulia ile simu kila tunapokutana, na kila mara anasimama na kuigiza.

"Nikasikia kijana analia au anapumua, sijui. Anasema, mjomba, toeni watu. Nikamwuliza, ngapi? Anasema, toeni tu. Nikamwambia, mwanangu, mwaka juzi nilitoa watu bila namba, maji yakafika kwenye nyasi, wakaniita Pencho Gharika mpaka Krismasi. Niambie ngapi, au niache nile. Halafu akasema, wazi kama redio: mia nne na kumi. Nikamwambia, mpumbavu wewe, si ungesema hivyo tangu mwanzo!"

Akapiga kengele ya kanisa. Watu walimaliza kupanda mlimani saa saba kasorobo. Saa saba kasoro dakika tano daraja lilikwenda, na nguzo ya kipimo cha kituo cha kumi na mbili ikaenda nalo. Nyumba za chini tisa hazipo. Yetu imebaki kuta mbili.

Watu wa tume ya uchunguzi wamekuja kuniuliza 410 imetoka wapi, maana ubao wako haukuonyesha namba hiyo hata mara moja. Nimewaambia kuhusu ule mstari nilioufuta. Sekunde ishirini, jina langu, tarehe. Wameandika.

Kuna la mwisho. Zapryan wamempata jana, kilomita tatu chini ya kibanda. Kibanda chenyewe hakipo. Sikutaka ulisikie kutoka kwao.

Kremena


Gorna Luka
Jumatatu, 22 Machi

Dada Kremena,

Walinirudisha Jumamosi. Nimeachishwa kazi, ila wameniomba nije siku mbili kumwonyesha karani mpya, msichana wa Asenovgrad. Anaandika vizuri. Anaogopa.

Barua yako ya tarehe 12 ilifika tarehe 17, saa tatu asubuhi. Nilikuwa nasubiri gari la kunipeleka makao makuu, nikaisomea mlangoni. Faili la ORODHA. Dakika mbili. Nimeisoma mara nyingi na sikukasirika, au labda bado sijafika hapo. Ulifuta mstari mmoja ili mzee asikupigie simu. Mimi niliandika 131 ili mzee asiniulize. Sioni nani wetu amshike mwenzake shati.

Tume wanasema kibanda cha Zapryan kiliondoka kati ya saa tano na robo na saa tano na nusu. Niliwauliza kama kungekuwa na mtu wa kumwambia atoke, angewahi? Mmoja wao akasema kwamba cha tatu kilisoma 301 saa tano na dakika tano, na maji hayo hushuka hadi cha nne, ambako kipimo cha hatari ni 300, kwa hiyo mtu mwenye akili angempigia hapo hapo bila kungoja cha nne kiseme. Alisema kwa upole. Mimi namba ile niliiona. Nilisubiri robo saa ijayo, zamu ya kituo cha nne kujibu, kwa mpangilio, kama mashine.

Uzi wake wa Machi bado uko kwenye droo yangu. Sikujua nimwachie nani. Nimeuacha humo.

Diski nimeiweka jana, na Mhandisi Haralampiev amesimama nyuma yangu. Namba zikaanza kuingia, la tisa kabla ya la pili, la kumi na moja kabla ya la tano. Kisha akasema, "Ziache zije zinavyokuja." Cha nne na cha kumi na mbili vimebaki vyeupe. Msichana akaniuliza aandike nini hapo. Nikamwambia asiandike kitu. Akamtazama mhandisi, mhandisi akatazama dirishani.

Gancho amekubali kuiacha barua hii kituoni Plovdiv kama hutakuwepo. Nilimwuliza, na mkono kwa mkono? Akasema, "Nenda zako, kijana," akanionyesha mfuko wa kifuani atakapoiweka.

Kabla sijaondoka nilipewa karatasi ya tarehe 16 niisahihishe. Nilichora mstari juu ya kila namba isiyopimwa. Na ile 410 nikaichorea mstari, kwa sababu haikupimwa, na sasa nguzo haipo na hakuna mtu duniani atakayejua kama nilipatia. Kisha nikafika chini, kwenye kile kisanduku kirefu ambacho huwa hatukijazi, kinachouliza kwa nini hatua haikuchukuliwa kuanzia saa tano na ishirini hadi saa sita na robo. Ningeweza kuandika mawasiliano yalikatika. Ningeweza kuandika kasoro ya programu, na nusu yake ingekuwa kweli.

Niliandika: Tulidhani anapika.

Nikatia sahihi. Mhandisi akaisoma, akavua miwani, akapiga mhuri.

Mdogo wako,
Velin